Barabara ya Malindi hadi Mokowe: nimeipa nyota nne, ya tano nimeizuia Gamba

Watu wananiuliza sana hii barabara ya kuja Amu, yaani Lamu kisiwani, ikoje saivi, hasa wenye wagonjwa na wenye watoto wadogo, kwa hivo naandika mara moja kila mtu asome. Mimi nimeipita mara sita kwenda na kurudi, nampeleka mamangu kliniki ya macho Malindi, mara zote kwa basi na si basi la kampuni moja.

Kwanza niseme wazi, barabara ni nzuri. Malindi mpaka Mokowe, pale barabara inapoishia na tunapopanda boti kuja kisiwani, ni zaidi ya kilomita 200 na ni lami mwanzo mpaka mwisho. Kipande cha kutoka Garsen, pale njia panda ya Minjila, kuja Lamu, kama kilomita 135, ndo kile tulokililia miaka yote, maana kabla ya lami kilikuwa mchanga kiangazi na tope masika, basi likikwama wanaume wanashuka kusukuma na wanawake tunakaa chini ya mti na watoto tukingojea. 2009 nilikuwa na mimba ya mtoto wangu wa kwanza, nikashuka Minjila mgongo hausemeki, nikasema sipandi tena mpaka nijifungue, nikalala kwa watu nisowajua, Mungu awalipe. Saivi mamangu anatoka na chupa yake ya chai na anakunywa basi likiwa mwendo. Asokuwa wa huku haelewi hilo ni jambo kubwa kiasi gani.

Basi letu la mwisho lilitoka Malindi saa tatu asubuhi na saa nane kasoro tuko Mokowe. Ukivuka daraja la Sabaki unapita Mambrui kisha Gongoni na Marereni, na hapa ndo utasikia mtikiso, kwa sababu ni njia ya malori ya chumvi, viwanda vya chumvi viko huko upande wa bahari na kila lori limejazwa mpaka juu. Lami ya huku ni ya zamani kuliko ya kwetu na imechoka, viraka juu ya viraka, na dereva akikwepa shimo anaingia upande wa mwenzake. Nlimwambia kondakta mwambie dereva apunguze, akamwambia na akapunguza, basi na nyie msione haya kusema.

Minjila ndo pa kuachana, wa Garsen na Hola na Garissa wanaendelea mbele, sisi wa Lamu tunakunja kulia. Teremka hapo, nenda choo hata kama husikii haja, nunua maembe na maji, maana ukitoka hapo basi halisimami ovyo mpaka Witu.

Sasa Gamba. Ukishavuka mto Tana pale Idsowe unaingia bonde, ardhi tambarare, na kutoka Gamba mpaka Lango la Simba barabara imelala chini kabisa. Shida ya pale watu wengi wanadhani ni mvua ya kwetu, si mvua ya kwetu peke yake. Tana inatoka huko bara, Mlima Kenya na Aberdare, mvua ikizidi kule mabwawa ya Masinga na Kiambere yanajaa na maji yanamwagika, yanachukua siku kadhaa kutufikia, kwa hivo unaweza kuwa Amu jua linawaka, hujaona wingu wiki nzima, na barabara imefunikwa. Mwisho wa 2023 ilikuwa hivo na 2024 tena, watu wakawa wanavushwa kwa boti, magari yamepanga foleni huku na huku, na unga, nyanya, vitunguu, gesi, vitu vyote vinavyoliwa kisiwani vinapita hapo hapo. Mwenye duka anapandisha bei na humlaumu, atapata wapi. Mamangu alikosa miadi yake wakati huo na jicho halingojei. Ndo maana nyota moja sijaitoa. Barabara nzuri ya kilomita 135 inakatwa na kipande kifupi tu, na mimi si injinia lakini kila anopita pale anaona kwa macho kuwa inataka kuinuliwa na kuwekewa kalvati kubwa, maji yapite chini na watu wapite juu.

Usalama, najua ndo mnachotaka kusikia. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni 2014 njia hii ina askari, na Januari 2020 basi lilishambuliwa Nyongoro watu wakafa, hatujasahau. Mimi nasafiri mchana tu na nakushauri vivyo hivyo, hata kama una gari lako. Kwenye vizuizi mnashuka na vitambulisho mnapanga laini mnakaguliwa, kisha mnapanda mbele. Inachosha ila sikukasirika hata mara moja, na askari mmoja kijana alipomwona mamangu anashuka na fimbo akamwambia "mama kaa, mama kaa", akapanda yeye ndani kumwangalia kitambulisho. Nilokasirika nayo ni kampuni moja ya basi, jina naliacha, iliyotaka kuondoka na dada mmoja na mtoto wake bado wako laini. Tulipiga kelele basi zima ndo dereva akasimama. Kondakta hesabu watu wako jamani, ni kazi ya dakika mbili.

Baada ya Witu ni raha tupu, njia imenyooka, nyani wanakaa kando ya lami, ng'ombe wanavuka wanapotaka kwa hivo dereva mzuri utamjua hapo. Kibaoni wanashuka wa Mpeketoni, kisha Hindi, kisha Mokowe. Tangu bandari mpya ya Lamu ianze 2021 kuna na malori makubwa huku mwisho, lakini bado si mengi.

Mokowe boti ziko jeti, mnavuka mara moja tu. Ukiwa na mzee omba boti yenye ngazi na uitishe laifu jaketi, wanazo ila wengine hawatoi mpaka uitishe.

Ukipanda Malindi asubuhi kuja Amu kaa upande wa kushoto, jua linapiga kulia mpaka Minjila. Tiketi kata siku moja kabla, na wakati wa masika piga simu ofisi ya basi uulize Gamba ikoje kabla hujamtoa mgonjwa nyumbani. Mamangu ana miadi nyingine mwezi ujao, tukikuta maji ntaandika tena.