Darubini ya 7x50 Kwenye Zamu ya Kuitafuta Pwani
Darubini hii, inayokuza mara 7 na yenye lenzi za mbele za upana wa milimita 50, niliinunua katika duka moja la Barabara ya Moi, Nairobi, kabla ya kujiunga na mabaharia wa chombo cha matanga kilichotoka Shelisheli kuja Mombasa wakati wa kusi. Muuzaji alinihimiza nichukue ya 12x50, nami nashukuru kwamba nilikataa, kwa maana chombo kinapoyumba, taswira iliyokuzwa mara 12 hutetemeka hata usitambue unachokitazama.

Ubora wake niliuona usiku wa mwisho. Ukigawa 50 kwa 7 unapata upana wa mwanga unaotoka kwenye darubini kuingia jichoni, takribani milimita 7, ambao ndio upana wa mboni ya jicho changa lililozoea giza, kwa hiyo mwanga hafifu haupotei bure. Pwani yetu ni ya chini, tofauti na Mahé, kisiwa kikuu cha Shelisheli, chenye kilele cha mita 905, na mkondo wa bahari husukuma vyombo kaskazini. Ndiyo sababu tulielekeza omo kusini kidogo ya Mombasa na kukesha tukitazama. Kabla ya alfajiri niliona mmweko wa mnara wa taa ukipapasa mawingu, ilhali taa yenyewe ilikuwa bado chini ya upeo. Nilipomwita nahodha, sauti ilinitetemeka kwa furaha.

Kasoro ni mkanda wake, ambao ni mwembamba na hukata shingo, na vifuniko vya lenzi visivyokaza. Kimoja kilichukuliwa na upepo siku ya 3. Darubini yenyewe haipitishi maji, hivyo chumvi niliisuuza kwa maji yasiyo ya bahari bila wasiwasi.