Spring Boot, Thymeleaf na PostgreSQL: kwa kazi za huku Tanga naipa nyota 4 kati ya 5

Wanaouliza web ya Java waanze na nini, mi jibu langu ni hili: Spring Boot (fremuweki ya Java ya kujengea mifumo ya web), kurasa ufanye na Thymeleaf, databesi PostgreSQL, basi. Ndo iliyobeba mfumo wa stoo wa duka moja la vipuri pale Ngamiani, wana tawi Muheza, mzigo ukiingizwa huku kule wanauona hapo hapo.

Raha yake Tomcat, yani programu inayohudumia kurasa za web, imo humo humo ndani, unatoa faili moja la jar lenye mfumo mzima unalipeleka kwenye sava unawasha, imeisha hiyo. Afu Thymeleaf inaandaa ukurasa kule kule kwenye sava, simu ya muuzaji inapokea HTML iliyokamilika, yani hata simu ya bei chee yenye bando la kuungaunga inafungua bila kuhangaika. React, ile ya JavaScript ya kujengea kurasa kwenye browser, nzuri sikatai, ila ukiwa developa peke yako tayari una miradi miwili ya kutunza, wa kurasa na wa sava, na mwenye duka anachotaka ni kujua beringi zimebaki ngapi tu!

Sasa muwe makini na JPA, ile inayogeuza data za databesi ziwe objekti za Java, hapa ndo watu wanaumia. Una oda 100, kila moja na mteja wake, ukiiacha ijivutie yenyewe inaweza kwenda databesi mara 101, moja ya orodha na 100 za wateja, afu lawama zote anabebeshwa Java kwamba ni mzito. Washa SQL, yani maombi yanayoenda databesi, ionekane kwenye logi, ukiona hivyo weka join fetch, inavuta oda na wateja wao kwa mara moja.

Maven nayo, kifaa cha kujengea mradi wa Java, mara ya kwanza inashusha laibrari kibao, usithubutu na bando la siku, tafuta Wi-Fi, zikishashuka zinakaa kwenye kompyuta. Na tutorial za zamani achaneni nazo, toleo la 3 la Spring Boot la mwaka 2022 linataka Java 17 kwenda juu na vitu vya javax kama servlet na JPA vimehamia jakarta, ukikopi vya zamani haikompaili.

Nyota niliyokata ni ya RAM, inakula. Kama sava yako ni ndogo sana jaribu Quarkus, fremuweki nyingine ya Java iliyoanzishwa na Red Hat, nyepesi na inawaka haraka, ila huku kwetu ukikwama usiku wa kumpigia anayeijua Spring unampata, wa Quarkus utamtafuta sana.

Mfumo wa fomu, stoo na ripoti chukua hii bila wasiwasi. Kama ni ramani inayofuata magari yakitembea, hapo haya, kaa na React.