Shahada ya mazingira: Morogoro, Ardhi au Mlimani?

Mpwa wangu alipomaliza kidato cha sita kwa tahasusi ya CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia), aliniletea mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) akiwa amepigia mstari kila programu yenye neno "mazingira". Kwa kuwa mimi ni ofisa mazingira wa halmashauri, alidhani ningemjibu kwa jina moja la chuo. Nilimwambia kwanza afute nusu ya mistari ile, maana neno hilo moja hufunika fani ambazo hazifanani: kuna mazingira yaliyozaliwa katika misitu na kilimo, kuna yaliyozaliwa katika uhandisi na mipango miji, na kuna yale ya jiografia. Mhitimu hubaki na alama ya idara iliyomlea, hata kama vyeti vinasomeka karibu sawa.

Kigezo changu kikuu kinatokana na kilichonipata mimi mwenyewe. Kipimo cha BOD, ambacho ndicho msingi wa kujua majitaka yamechafuka kiasi gani, si kigumu kukieleza: unajaza chupa sampuli iliyozimuliwa, unapima oksijeni iliyoyeyuka, unaifunga pasipo kuacha kiputo cha hewa, unaihifadhi gizani kwa nyuzi joto 20 kwa siku 5, kisha unapima tena, na oksijeni iliyopungua ndiyo iliyotumiwa na vijidudu vinavyoozesha uchafu. Katika chuo nilichosoma, ambacho sitakitaja, kabati la kuhifadhia chupa hizo liliharibika kabla hatujafika, hivyo tulipewa takwimu za mwaka uliotangulia tukazichorea grafu. Chupa yangu ya kwanza niliifunga nikiwa tayari nimeajiriwa, mbele ya fundi wa maabara mwenye elimu ya cheti, aliyesubiri kwa adabu mpaka nikaona mwenyewe kwamba kiputo kimebaki shingoni. Ndiyo maana nilimtuma mpwa wangu akawaulize wanafunzi wa mwaka wa tatu, si walimu wala ofisi ya udahili, ni vipimo gani wamevifanya kwa mikono yao.

Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) cha Morogoro, kilichopata hadhi ya chuo kikuu mwaka 1984, nakiweka mbele kwa anayetaka kuelewa ardhi, maji na misitu. Kimekaa chini ya milima ya Uluguru, ambako ndiko vinakoanzia vijito vya mto Ruvu unaowapa maji wakazi wa Dar es Salaam. Kwa hiyo somo la uhifadhi wa vyanzo vya maji halihitaji picha, mwanafunzi anainua macho tu. Chuo kina pia misitu yake ya mafunzo, ukiwamo wa Olmotonyi mkoani Arusha, na ule wa Mazumbai katika Usambara Magharibi, ambao ni msitu wa asili wa milimani. Kwa taaluma hii, msitu ulio mikononi mwa chuo ni jambo kubwa kuliko jengo jipya la ghorofa, kwa sababu kitalu kilichopimwa leo kinaweza kupimwa tena na watakaokuja baadaye.

Hata hivyo, anayevutwa na taka ngumu, mifereji, mafuriko ya bonde la Msimbazi na viwanda asiende Morogoro kwa mazoea. Chuo Kikuu Ardhi, kilichojitegemea mwaka 2007, kimekulia katika mipango miji na ujenzi, na hapo mwanafunzi wa mazingira husoma jirani na wale watakaochora ramani za mji. Jambo ambalo wazazi wengi hulikosea ni tofauti ya sayansi ya mazingira na uhandisi wa mazingira: ile ya kwanza ni ya miaka 3, ya pili ni ya miaka 4, na ni mhitimu wa ile ya pili tu anayeweza kuomba kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Mwenye CBG asiye na fizikia wala hisabati za kutosha asome vigezo vya kujiunga kwa makini kabla ya kulipa ada ya maombi.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, maarufu kama Mlimani, kina ukongwe, na kina Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoanzishwa Zanzibar mwaka 1978, ambayo kwangu ndiyo sababu nzito ya kuwafikiria Mlimani. Shahada yake ya jiografia na mazingira inamfaa anayependa sera, watu na ramani. Anayetafuta maabara aangalie kwingine. Mweka, chuo cha tangu 1963 kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ni cha wanyamapori, na asiyewapenda asijilazimishe.

Swali la mwisho nililomwandikia aulize ni kama wanafunzi huandika ripoti kamili ya tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuhitimu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaidai tathmini hiyo kwa miradi mingi, na ripoti hupelekwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC). Humo ndimo zilimo ajira nyingi zisizo za serikali. Nimepokea vijana wa mafunzo kwa vitendo wanaojua sura zote za ripoti kwa kichwa, lakini hawajawahi kukaa na wanakijiji kusikiliza malalamiko ya fidia.

Alirudi na daftari lake limejaa. Ameiweka Morogoro chaguo la kwanza na Ardhi la pili, kwa sababu, alivyosema, mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyezungumza naye alimkatiza maelezo na kwenda kumwonyesha mabuti yake yenye matope.