Ukaazi wa kudumu Kenya kwa njia ya ndoa: nimeomba bila wakala

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeizuia kwa ajili ya ada: fungu kubwa linalipwa ukishakubaliwa, na si hela ya kuchomoa mfukoni. Anza kuiweka kando siku unayojaza fomu.

Mimi ni Mtanzania, nimeolewa Nairobi, na naandika hasa kwa Watanzania wenzangu wanaoulizana kila mara: tuombe uraia au ukaazi? Kwangu mimi hapakuwa na mjadala. Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mwenzi wa raia haki ya kuomba uraia baada ya miaka 7 ya ndoa, na Kenya haina tatizo na uraia pacha. Kwetu ndiko kwenye tatizo. Mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine, wa Tanzania unamtoka, nami nina shamba la urithi Muheza ambalo sitaki lizue maswali kwa ndugu. Ukaazi wa kudumu haugusi uraia wako, na kwa mwenzi wa raia ndoa ya miaka 3 inatosha. Aliyekuja kwa kibali cha kazi njia yake ni ndefu zaidi: awe ameshika vibali kwa miaka isiyopungua 7, na 3 ya mwisho awe ameishi Kenya mfululizo. Yote haya yamo katika Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya 2011. Isome mwenyewe kabla hujamlipa mtu akusomee.

Kabla ya hapo nilikuwa na pasi ya mtegemezi. Inakuruhusu kuishi na mumeo, basi. Niliitwa kwenye kazi ya uhasibu huko Industrial Area, tukaelewana hadi mshahara, walipogundua kwamba itabidi waniombee kibali cha kazi simu zikakatika. Mwenye ukaazi wa kudumu hahitaji kibali hicho. Ndiyo maana niliutaka, mengine ni nyongeza.

Kuhusu mawakala: wapo, na kila mmoja "anajua mtu ndani". Niliyeelekezwa kwake alitaka nimwachie pasipoti yangu halisi na nusu ya malipo, bila risiti. Nikamwomba anitajie kazi atakayonifanyia. Akasema atanijazia fomu. Fomu yenyewe iko mtandaoni, unaingia kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, kwenye huduma za wageni, unapakia nyaraka zako, unalipa kwa namba ya malipo ya serikali, 222222, na risiti unabaki nayo. Nilimshukuru nikaondoka.

Kazi iko kwenye karatasi, na hasa kwenye majina. Sisi tuna jina letu, la baba na la babu. Pasipoti yangu ina yote matatu, lakini aliyeandika cheti chetu cha ndoa aliweka mawili akaona yanatosha. Dada aliyekagua nakala zangu alivitazama vyote viwili, akaniuliza, "Sasa mama, hawa ni watu wawili ama mmoja?" Mume wangu alicheka, mimi sikucheka. Ilibidi twende kwa wakili kuapa hati ya kiapo kwamba majina yote hayo ni ya mtu mmoja. Wewe panga vyeti vyako mezani, usome jina kwa jina, herufi kwa herufi, ukiwa bado nyumbani. Kama cheti chako cha kuzaliwa ni kile cha zamani kilichoandikwa kwa mkono na wino umefifia, shughulikia kipya mapema RITA, wakala wa vizazi na vifo wa Tanzania. Usisubiri uambiwe hakisomeki wakati uko Nairobi na ndugu wa kukufuatilia yuko shamba.

Cheti cha polisi cha mwenendo mwema ni rahisi kuliko watu wanavyokisema. Unakiomba eCitizen, unalipa shilingi 1,050, unachapisha fomu ya C24 mbele na nyuma kwenye karatasi moja, si mbili, kisha unaipeleka kuchukuliwa alama za vidole. Mimi nilikwenda Huduma Centre ya GPO kwa sababu Nyayo House, makao makuu ya Uhamiaji, iko ng'ambo tu ya barabara, ukamaliza mambo mawili kwa nauli moja. Siku hiyo usijipake mafuta mikononi.

Baada ya kutuma, unasubiri. Miezi inapita na ukurasa unasema maneno yale yale. Wengi hapa huiacha pasi yao ya mtegemezi iishe wakidhani ombi jipya linawalinda. Ihuishe. Ombi si kibali.

Sasa mambo ambayo ukaazi huu hautakupa. Hupigi kura. Na ardhi, bado wewe ni mgeni: kifungu cha 65 cha Katiba kinakuruhusu kumiliki kwa kukodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Madalali wa viwanja vya Kitengela hawatakwambia hivyo. Mmoja alikuwa tayari kuniandikia jina langu siku hiyo hiyo kwenye kiwanja cha umiliki huru, yaani kisicho cha kukodi, alichotaka ni amana tu. Ukiwa na mume Mkenya na mnanunua pamoja, mtafuteni wakili wa ardhi kwanza, halafu ndipo mpande gari kwenda kuangalia kiwanja.