Safina ya Kentucky: useremala wa kusifiwa, jiolojia ya kutiliwa shaka

Ark Encounter, iliyofunguliwa tarehe 7 Julai 2016 katika mji mdogo wa Williamstown, jimbo la Kentucky nchini Marekani, ni safina ya Nuhu iliyojengwa kwa vipimo vya kitabu cha Mwanzo, yaani dhiraa mia tatu kwa hamsini kwa thelathini, ambazo wajenzi wamezihesabu kuwa mita 155 za urefu, 26 za upana na zaidi ya 15 za kimo. Iko kando ya barabara kuu ya kutoka Lexington kwenda Cincinnati, na kwa kuwa Lexington ina wasemaji wengi wa Kiswahili, hasa ndugu zetu waliotoka Kongo, naandika nikiwalenga wazazi na viongozi wa vijana wanaojiuliza kama safari hiyo inafaa.

Kwa upande wa ujenzi, inafaa. Ukisimama ndani na kuinua macho kuyatazama magogo manene yanayobeba sitaha tatu, humkosoi fundi kwa lolote. Sehemu ya kazi hiyo ilifanywa na maseremala wa jamii ya Waamishi, Wakristo wanaoshika maisha ya kizamani. Basi la kutoka maegesho hadi mlangoni limo katika tiketi, ingawa maegesho yenyewe hulipiwa kando, na bustani ya wanyama iliyo nyuma itawafurahisha watoto kuliko maandishi ya ukutani.

Lakini maandishi hayo ndiyo bidhaa yenyewe. Wenye jengo, taasisi ya Answers in Genesis, hawaishii kusimulia habari ya imani. Wanadai kwamba gharika iliifunika dunia yote yapata mwaka 2348 K.K., kwamba sehemu kubwa ya matabaka yenye visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhiwa mawe-mawe, iliwekwa na maji hayo katika mwaka mmoja, na kwamba wanyama wasiofika 7,000, dinosaria wakiwemo, ndio mababu wa wanyama wote wa nchi kavu wa leo. Dai la namna hiyo hupimwa kwa mawe na kwa hesabu, hata likiwa limeandikwa kando ya aya ya Biblia.

Mawe yapo papo hapo. Safina hiyo imesimama juu ya mawe ya chokaa na udongo mgumu wa kipindi cha Odovisi, wenye umri wa miaka milioni 450 hivi, na palipokatwa mwamba ili barabara ipite unaweza kuyaona matabaka yake yakiwa yamepangana kama kurasa. Yamejaa makombe ya wanyama wa bahari ya kina kifupi, na jambo la kutazama kwa makini ni kwamba juu ya makombe mengi kuna viumbe wengine walioota, wakatanda na kukua. Maana yake ni kwamba mwenye kombe aliishi na kukua, kombe lake likakaa juu ya sakafu ya bahari muda wa kutosha kuwa makao ya wengine, kisha tope likalifunika. Na juu ya tope hilo mambo yakaanza upya, tabaka baada ya tabaka. Gharika ya mwaka mmoja, yenye nguvu ya kusomba mabara, haina nafasi ya utulivu kama huo hata mara moja, sembuse mara mamia. Sikuona ubao wowote uliokabiliana na swali hilo, nami nilizisoma mbao kwa subira kuliko walionizunguka.

Hesabu ya maji nayo ni fupi. Kuifunika dunia hadi kilele cha Everest kungehitaji kilomita za ujazo bilioni 4.5 hivi, ilhali maji yote ya dunia, pamoja na barafu na ya chini ya ardhi, hayafiki bilioni 1.4. Jibu la wenye safina ni kwamba milima ilikuwa mifupi na ikainuka baadaye. Basi watueleze joto la kuinua Himalaya kwa muda mfupi namna hiyo lilikwenda wapi. Nchini Misri, mwaka huo wa 2348 K.K. unaangukia karibu na enzi ya Mfalme Unas, ambaye maandishi ya piramidi yake yapo Saqqara, na Teti alimrithi bila dalili yoyote ya taifa lililozama.

Anayetoka Uvira, Kalemie au Kigoma atajiuliza pia habari ya kuhe, samaki wa maji baridi anayepatikana Ziwa Tanganyika peke yake duniani, ambaye hakupewa chumba ndani ya safina wakati maji ya ziwa na ya bahari ya chumvi yangechanganyika.

Kulikataa dai hili si uasi wa watu wa leo. Adam Sedgwick, padre wa Kianglikana na mwanajiolojia wa Cambridge, aliwahi kufundisha kwamba changarawe za Ulaya ziliachwa na gharika moja ya dunia nzima. Mwaka 1831, mbele ya Chama cha Jiolojia cha London, alikiri hadharani kwamba alikosea, na akabaki padre.

Kwa hiyo natoa alama nne kati ya tano kwa jengo na alama moja kwa maelezo yake. Mkienda, tengeni saa mbili za kupita Sharonville, kaskazini ya Cincinnati, kwenye hifadhi ya visukuku ya Trammel: mawe ya enzi ileile yako wazi kilimani, hakuna kiingilio, na watoto wanaruhusiwa kuondoka na makombe watakayookota.