Sloti za Uingereza, nilivyozipima kwa upande wa kutoa

Mimi ni wakala wa pesa za simu hapa Kamalondo, Lubumbashi, mwaka wa tisa sasa. Meza moja, simu tatu, daftari, mwavuli. Kuanzia saa moja asubuhi mpaka giza liingie watu wanakuja kwenye kabini yangu kwa mambo mawili tu: kuweka na kutoa. Kwa hiyo huduma yoyote inayogusa pesa ya watu naiangalia kwanza upande wa kutoa. Kuweka hakujawahi kumshinda mtu.

Kamari sichezi. Anayecheza ni mdogo wangu, dereva wa basi kule Leicester, ambaye pasipoti yake siku hizi ni ya Uingereza. Alikuja kutuona kuanzia kabla ya Krismasi hadi tarehe 17 Januari, na mchana mwingi alikaa nami chini ya mwavuli, tunakula maembe, yeye macho kwenye simu. Ndivyo nilivyozijua huduma mbili za sloti za mtandaoni, yaani mashine za kamari za kubonyeza na kuzungusha kwenye simu, moja yenye leseni ya Uingereza na nyingine isiyo nayo. Majina sitayaandika. Naandika kwa ajili ya ninyi mlio Leicester, Sheffield au London, na kwa ajili yetu tulio huku tunaosubiri mnachotuma.

Jioni ya pili alifungua programu yake ya kawaida, ile anayoichezea wakati wa mapumziko ya zamu. Ikamwandikia kwamba huduma haipatikani katika nchi aliyopo. Akazima simu, akawasha, ikawa vilevile. Akakasirika kweli. “Yaya, makuta yangu iko mule ndani, pauni 60, na banakatala kunifungulia.”

Nikamwuliza kama ninavyomwuliza mteja: “Wamezikula ao wamezifunga tu?” Akawaandikia. Wakamjibu siku hiyohiyo kwamba salio lipo, na atakapotoa zitarudi kwenye kadi aliyowekea. Mimi hapo niliwapa alama nzuri. Leseni yao ni ya kuhudumia watu walio Uingereza, nao wakakubali kukosa dau la mtu aliyekaa Kamalondo. Yeye hakuona hivyo. Alitaka kucheza.

Ile ya pili aliipata kwenye tangazo, ikafunguka mara moja. Barua pepe, neno la siri, kwisha. Haikuuliza jina kamili wala tarehe ya kuzaliwa. Kuweka kulikuwa kwa USDT, sarafu ya mtandaoni inayofuata thamani ya dola, na mjini hapa vijana wanaouza USDT hawakosekani. Aliweka dola 150. Najua zilikotoka: kwenye bahasha ya mabati ya nyumba ya mama, Katuba.

Wakamwongezea bonasi ya dola 300, salio likasomeka 450. Akanionyesha kwa furaha. Nikaiomba simu, nikateremsha ukurasa mpaka chini kabisa, kwenye maandishi madogo ya kijivu ambayo jua la saa sita lilikuwa karibu kuyafuta. Sharti: bonasi izungushwe mara 45 kabla ya kutoa chochote.

Nilichukua daftari langu la kamisheni na kupiga hesabu hapohapo. 300 mara 45 ni 13,500. Yaani madau yake yote, yakijumlishwa, lazima yafike dola 13,500. Mashine ilikuwa imeandikwa RTP ya asilimia 96, maana yake katika kila dola 100 zinazochezwa, kwa wachezaji wote na kwa muda mrefu, mashine inabaki na 4. Asilimia 4 ya 13,500 ni 540. Na yeye salio zima lilikuwa 450. Nilizungushia ile 540 duara mara mbili na kumwekea daftari mbele ya uso. Mchezaji wa kawaida anaishiwa kabla ya kulimaliza sharti, na waliolipanga wanajua.

Niseme zaidi kidogo kuhusu hiyo RTP, kwa sababu hata mdogo wangu, mtu mwenye akili ya hesabu, alikuwa anaisoma vibaya. Alidhani ukiingia na pauni 100 unatoka na 96. Makato hayo yanakwenda na kila dau, na pesa ileile unaizungusha tena na tena. Chukua mashine ya asilimia 95 kwenye huduma ya halali ya Uingereza. Sheria yao inataka kila mzunguko uchukue angalau sekunde 2.5, kwa hiyo mwenye mkono mwepesi anaweza kufikisha mizunguko 24 kwa dakika, 1,440 kwa saa. Kwa dau la pauni 1 amecheza pauni 1,440, na kwa wastani zimebaki kwa mwenye mashine pauni 72. Kima cha chini cha mshahara kwa saa kwa mtu mzima kule kilikuwa pauni 12.21 kuanzia Aprili 2025. Hizo 72 ni karibu saa sita za kazi, kabla ya kodi, kwa saa moja ya kubonyeza. Hiyo ndiyo bei ya huduma hii, na haiandikwi popote kwa namna hiyo. Kuna na jingine: mchezo wa jina moja na picha zilezile unaweza kuwa na RTP tofauti kwenye huduma tofauti, maana watengenezaji huuza toleo zaidi ya moja. Fungua ukurasa wa maelezo ndani ya mchezo wenyewe usome namba, usitegemee uliyoiona kwingine.

Narudi kwenye mabati. Siku ya tano, mvua ikigonga paa la sebule yangu, salio lilipanda hadi dola 1,140. Alinyanyuka kwenye kiti. Wanangu wakaamka. Nikamwambia neno moja: toa. Akabonyeza, na hapo ndipo nilipoiona huduma yenyewe. Kitufe cha kutoa kilikuwa cha kijivu, hakiitiki, na chini yake mstari mwembamba unaoonyesha sharti limefikia asilimia 31. Alikwisha cheza dola 4,185 kwa siku tano. Hakuwa na habari kwamba zilikuwa nyingi hivyo, kwa sababu skrini haikumwonyesha jumla hata mara moja.

Aliomba waifute bonasi wamrudishie zake 150. Siku ya pili wakataka picha ya pasipoti. Akatuma. Wakataka ajipige picha akiwa ameishika. Akatuma. Wakataka bili ya nyumba yenye jina lake, akatuma ya Leicester. Siku ya sita wakajibu kwamba masharti yao hayaruhusu mkazi wa Uingereza, kwa hiyo hawezi kutoa. Walimruhusu kuweka bila kumwuliza anaishi wapi. Walipokuja kuuliza, ilikuwa ili wamnyime. Mimi nikimfanyia mteja hivyo, nipokee pesa leo na kitambulisho nikidai siku ya kutoa, kabini yangu haifiki jioni.

Baada ya hapo nilimkalisha chini anieleze ile ya leseni inafanyaje, kitu kwa kitu, na nilibaki nashangaa kwamba anaichezea miaka yote bila kujua haki zake. Kule, tangu Mei 2019, kampuni ya mtandaoni lazima ihakikishe jina, anwani na umri wako kabla hujacheza, na haitakiwi kungoja siku unayotoa ndipo idai karatasi ambazo ingeweza kuziomba mapema. Kwangu mimi kanuni hiyo peke yake inatosha kutenganisha huduma na mtego. Nyingine ni ya Oktoba 2021: ukishaomba kutoa, hawaruhusiwi kukuwekea kitufe cha kuirudisha pesa mchezoni wakati bado iko njiani. Najua kwa nini ilihitajika. Nimewaona watu kwenye kabini, pesa ikichelewa dakika kumi, tayari wamebadili mawazo.

Mwezi huohuo wa Oktoba 2021 walikataza pia mashine kujizungusha yenyewe, wakataka skrini ionyeshe umepoteza kiasi gani na umekaa muda gani, na wakakataza mashine kushangilia inapokurudishia kiasi kisichozidi dau lako. Hilo la mwisho sikulielewa mpaka nilipoiona ile isiyo na leseni ikifanya kazi. Mdogo wangu aliweka dau la dola 2, mashine ikampa senti 60, na ngoma zikapigwa, sarafu zikamwagika skrini nzima, maandishi ya dhahabu yakacheza. Yeye akatabasamu. Alikuwa amepoteza dola moja na senti 40 na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshinda. Nilimwangalia usoni, siyo kwenye simu, na nilihuzunika.

Mengine nayapitia haraka. Kadi za mkopo zilikatazwa kwa kamari Aprili 2020; kampuni ikikubali kadi ya mkopo ya Uingereza, ondoka. Dau la juu la sloti za mtandaoni ni pauni 5 kwa mzunguko tangu Aprili 2025, na pauni 2 kwa wenye miaka 18 hadi 24 tangu Mei ya mwaka huo. Mchezaji hakatwi kodi kwenye ushindi wake, kwa hiyo anayekudai kodi ndipo akutumie pesa zako ni mwizi. Na bonasi: siku mbili tu baada ya mdogo wangu kurudi, tarehe 19 Januari 2026, kanuni ilianza kwamba sharti la kuzungusha lisizidi mara 10. Pauni 20 za bonasi, mara 10, ni 200. Kwenye mashine ya asilimia 96 gharama ya wastani ni pauni 8. Linganisha na ile 540 yangu yenye duara mbili.

Leseni inakaguliwa hivi. Chini kabisa ya ukurasa kuna jina la kampuni na namba ya akaunti yake kwenye Tume ya Kamari, ile yenye ofisi Birmingham. Usiridhike na nembo, picha anaiba yeyote. Fungua tovuti ya Tume wewe mwenyewe, tafuta kampuni kwenye rejista yao, uone kama anwani ya tovuti unayochezea imo kwenye orodha yake. Tulifanya hivyo pamoja: ya Leicester ilikuwemo, ile iliyokula mabati haikuwemo. Faida ya kuwemo ni kwamba ukigombana nao kuna pa kupeleka kesi. Kampuni ina wiki nane za kumaliza lalamiko lako, zikipita unakwenda kwa msuluhishi wa nje bila kulipa. Sisi barua zetu tulizituma kwa anwani isiyo na mtu.

Sasa GamStop, ambayo ndiyo huduma niliyoipenda kuliko zote katika mambo haya. Ni bure. Mtu anayeishi Uingereza anajiandikisha mara moja, anachagua miezi 6, mwaka 1 au miaka 5, na kampuni zote za mtandaoni zenye leseni lazima zimfungie. Tangu mwisho wa Machi 2020 hakuna yenye leseni inayoruhusiwa kuwa nje ya mfumo huo. Ukishachagua huwezi kujitoa kabla ya muda kwisha, hata ulie. Ndiyo maana ukiona tangazo linalojisifu kwamba kasino yake haimo kwenye GamStop, linakuambia waziwazi kwamba haina leseni ya Uingereza, na linamtafuta mtu aliyekwisha kuomba asaidiwe kuacha. Hapo hasira zangu hazina kipimo. Benki nyingi za kule pia zina kitufe cha kuzuia malipo ya kamari kwenye kadi, na nashauri kuvitumia vyote viwili, kwa sababu GamStop haiwafikii wasio na leseni.

Nilimwomba mdogo wangu ajiandikishe miaka 5. Alikataa. Tulibishana usiku mzima kabla ya safari, mama akatuuliza tunagombania nini, tukanyamaza. Mwishowe alikubali kuweka kikomo cha pauni 20 kwa mwezi kwenye ile ya leseni, na kuwasha kile kitufe cha benki. Sijaridhika. Mtu aliyechukua pesa ya bahasha ya mama yake hahitaji kikomo, anahitaji kufungiwa, na nimemwambia hivyo kwa mdomo wangu mwenyewe.

Alama zangu: ile isiyo na leseni haipati hata moja. Ile ya leseni naipa tatu kwa tano, na zote tatu ni za upande wa kutoa. Kwa bei yake ya saa siwezi kuongeza. GamStop naipa tano.

Alipofika Leicester jambo la kwanza nililomtaka ni atoe zile pauni 60. Aliomba saa nne na dakika kumi asubuhi, saa tano kasoro zilikuwa benki kwake, na jioni zilinifikia huku, baada ya makato dola 79. Nikazipeleka Katuba kwenye bahasha. Kwenye daftari, mstari wa mabati, nimeandika: 150, toa 79, bado 71.