Uzoefu wangu: huduma ya lishe kwa mzee wangu aliyekatwa mguu

Baba alikatwa mguu wa kushoto chini ya goti mwezi Februari, sababu kisukari. Kidonda kilipofunga tukampeleka kituo kimoja cha utengamao hapa Dar, afanye mazoezi ya viungo huku akisubiri mguu bandia. Humo humo kuna mtaalamu wa lishe, na yeye ndiye nina maneno naye.

Siku ya kwanza walimpima akiwa ndani ya kiti cha magurudumu. Mizani ikasoma 74, wakatoa 12 za kiti, wakaandika 62. Wakajazia uzito wa mguu usiokuwepo (kipande cha chini ya goti na unyayo wake ni karibu asilimia 6 ya mwili), ikawa 66. Kabla ya kuugua alikuwa na 70. "Yuko vizuri, ashikilie hapo hapo." Mimi ndiye ninayemwogesha, naona mabega yalivyochongoka, nikajua haiwezekani. Wiki ya tatu nikaomba kiti kipimwe kitupu. Kilo 17! Zile 12 walikisia tu. Kumbe mzee ana 57, na ukijazia mguu ni 60 na ushei. Karibu kilo 10 zimeondoka, na sisi nyumbani tunampunguzia ugali.

Haki yake nimpe: yule dada wa lishe aliomba radhi, akaanza upya. Akamwamkia, akavuta stuli, akauliza, "Baba, ukipata mguu unataka ufanye nini?" Baba akasema anataka kwenda msikitini kwa miguu yake na kupanda zile ngazi tatu bila kushikwa. Lengo likapangwa kutokea hapo: mizani, ukishatoa kiti, isome 60 kabla ya kuchukuliwa vipimo vya mguu, baada ya hapo uzito utulie. Soketi, ile sehemu ya mguu bandia ambamo kigutu huingia, hutengenezwa kwa umbo la kigutu la siku ile. Akinenepa inabana na kuchubua, akikonda inapwaya, na mchubuko kwa mtu wa kisukari mnajua unakoishia. Hospitali hakuna aliyetueleza hili.

Kwenye chakula alitaka majibu ya figo kwanza, ndipo akaongeza protini: mayai asubuhi, dagaa au maharage mchana na usiku. Ugali umerudi, kipimo ni ngumi ya Baba mwenyewe. Aliyemshinda ni shangazi yetu, kila Jumapili na soda zake mbili "mgonjwa apate nguvu".

Kikao ni elfu 30, na foleni ya asubuhi jiandae. Natoa nyota 3. Ya nne imekwenda na zile wiki tatu.

Jumamosi mizani ilisoma 59 bila kiti. Baba sasa hapandi kabla hajamwonyesha mpimaji mgongo wa kiti, alikoandika kwa maka peni: KILO 17.